Ndege Ikianguka, Tusimsingizie Mungu wala Mlozi

Kila mara ndege inapoanguka katika nchi yetu ya Kongo, hata maiti hazijazikwa, maneno mawili yanatembea mitaani. Wengine wanasema: «Ni ulozi. Ndani ya ndege ile alikuwamo mtu aliyetegwa na watu wa ukoo wake.» Wengine, nao ni wakristu waliobatizwa, wanatikisa kichwa na kusema: «Ni mapenzi ya Mungu. Saa yao ilikuwa imefika.» Wale wa kwanza wanadhani wana hekima ya wazee. Wale wa pili wanadhani wana imani. Mimi nasema kwamba wote wamekosa, tena kosa lao ni moja. Wote wamekataa kumtafuta mtu aliyefunga mlango vibaya, mtu aliyepakia mizigo kupita kiasi, mtu aliyetia sahihi bila kutazama. Kwa maneno yao mkosaji anakwenda nyumbani kula chakula chake kwa amani, na asiye na kosa anashitakiwa.

Maana ni nani anayeshitakiwa? Akishitakiwa mlozi, tunajua mwisho wake: ni mjane mzee asiye na mtoto wa kumtetea, au yatima anayelala jikoni kwa shangazi yake. Huyo atapigwa, atafukuzwa, labda atauawa. Akishitakiwa Mungu, hakuna anayepigwa, lakini jina la Baba yetu wa mbinguni linachafuliwa, kana kwamba Yeye ndiye anayewatupa watoto wake chini kutoka mawinguni. Na katika njia zote mbili, kesho yake ndege nyingine inapakiwa vile vile.

MNARA WA SILOAMU

Bwana wetu Yesu Kristu aliulizwa mambo ya namna hii, na jibu lake limo katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13. Mnara uliokuwa Siloamu ulianguka, ukawaua watu 18. Watu wa Yerusalemu walifikiri kama wengi wetu tunavyofikiri: waliokufa lazima walikuwa na deni kubwa kuliko wengine. Bwana alikataa neno hilo waziwazi. Hawakuwa wabaya kuliko jirani zao. Kisha akawageukia wale waliosimama wakisikiliza, akawaambia watubu wao wenyewe.

Tazameni vema. Hakuwaambia wamtafute mlozi wa Siloamu. Hakuwaambia kwamba Mungu aliusukuma mnara. Aliwataka walio hai wageuze mwenendo wao.

Tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka 2019, ndege ya Ethiopia iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaanguka baada ya dakika chache, na watu wote 157 wakafa. Kati yao walikuwamo watumishi 4 wa shirika la Wakatoliki wa Marekani linalosaidia maskini, waliokuwa wakienda kujifunza zaidi kazi yao. Nani atathubutu kusema kwamba hao walilaaniwa? Ndege ile ilianguka kwa sababu iliyotafutwa na kuonekana, kama nitakavyoeleza.

CHUMA NACHO HUCHOKA

Kwanza nitawasimulia habari ya watu waliokataa kuridhika na neno «bahati mbaya».

Katika miaka ya 1950 Waingereza walikuwa na ndege mpya iliyoitwa Comet, ya kwanza duniani ya kuchukua abiria kwa mashini za jeti. Tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 1954, Comet moja iliondoka Roma, ikapasuka angani, ikaanguka baharini karibu na kisiwa cha Elba. Watu 35 walikufa. Wengine walisema ni bomu. Ndege za namna ile zilisimamishwa, zikatazamwa, zikatengenezwa hapa na pale, halafu zikaruhusiwa kuruka tena. Tarehe 8 mwezi wa nne mwaka ule ule, Comet ya pili iliondoka Roma, ikaanguka baharini upande wa Napoli. Watu 21 walikufa.

Basi wakafanya nini? Wanamaji walivua vipande vya ndege ya kwanza toka chini ya bahari, kimoja kimoja, na wataalamu wakavipanga kama mtu anayeunganisha chungu kilichovunjika. Tena walichukua Comet nzima, wakaitia ndani ya tangi kubwa la maji huko Farnborough, wakaijaza maji kwa nguvu na kuyalegeza, wakaijaza na kuyalegeza, mara nyingi sana, kama vile inaruka na kutua kila siku. Siku moja bati la ndege likapasuka. Ndipo wakajua.

Ndege inayoruka juu sana hujazwa hewa ndani ili watu waweze kupumua. Ikipanda inavimba kidogo, ikishuka inalegea. Chukua uzi wa chuma, uukunje na kuunyosha mara nyingi: mwishowe utakatika, hata kama mkono wako hauna nguvu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Comet. Ufa mdogo ulianzia penye pembe za matundu yaliyokatwa katika bati lake, ukaendelea kidogo kidogo, mpaka siku ya kufa. Chuma kilichoka. Hapakuwa na bomu, wala mlozi.

Na tangu siku zile mafundi wa nchi zote wakajifunza kuhesabu uchovu wa chuma. Ninyi mnaopanda ndege leo mnalindwa na kazi ya watu wale, ambao hawakusema «yamekwisha kupita». Mimi naona kwamba kazi yao ilikuwa tendo la huruma: waliwatendea mema watu wasiowajua, hata wale ambao hawakuwa wamezaliwa bado.

NG'OMBE MWENYE KUPIGA PEMBE

Lakini si kila mara mtu anakosa kwa kutojua. Yuko anayejua na kunyamaza.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mna sheria ya ng'ombe. Ng'ombe akimpiga mtu pembe na kumwua, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe ameonywa asimfunge, basi damu ya mtu iko juu ya kichwa chake. Sheria hii ni ya kale sana, lakini sikilizeni jinsi inavyowahukumu watu wa juzi.

Mwaka 1972 ndege kubwa ya Marekani ya aina ya DC-10 ilikuwa ikipita juu ya mji wa Windsor, nchini Kanada. Mlango wa chumba cha mizigo ukafunguka angani. Hewa ikatoka kwa kishindo, sakafu ikabomoka sehemu, na nyaya za kuongozea ndege zilizopita chini ya sakafu zikaharibika. Kwa ustadi wa rubani ndege ilitua, na watu wote wakapona. Ng'ombe alikuwa ameonyesha pembe zake. Majuma machache baadaye fundi mkubwa wa kampuni iliyotengeneza mwili wa ndege ile aliwaandikia wakubwa wake kwamba milango ile itafunguka tena na ndege itapotea. Barua ilibaki ndani ya nyumba. Serikali ya Marekani nayo haikutoa amri ya lazima. Ilipatana na watengenezaji kwa maneno ya kirafiki.

Tarehe 3 mwezi wa tatu mwaka 1974, DC-10 ya Uturuki iliondoka Paris kwenda London. Mlango ule ule ukafunguka, sakafu ikabomoka, nyaya zikakatika. Ndege ikaanguka katika msitu wa Ermenonville. Watu 346 walikufa wote. Walipofungua karatasi za kiwandani, waliona mihuri inayosema kwamba mlango wa ndege ile umekwisha kutengenezwa. Kumbe sehemu ya kazi haikufanyika kamwe. Mihuri ilikuwapo, chuma hakikuwapo.

Je, hayo yalikuwa mapenzi ya Mungu? Mungu alipenda muhuri wa uongo? Msimtukane!

Tena ng'ombe yule alirudi kwa sura nyingine. Tarehe 29 mwezi wa kumi mwaka 2018, ndege mpya ya Boeing 737 MAX ilianguka baharini nchini Indonesia, watu 189 wakafa. Ndani yake kulikuwa na chombo kilichoweza kuisukuma pua ya ndege chini chenyewe, nacho kilitegemea kipimo kimoja tu. Kipimo kikisema uongo, chombo kinauamini. Marubani hawakuwa wameelezwa habari za chombo hicho katika kitabu chao. Baada ya ajali ile ndege za aina hiyo ziliendelea kuruka. Hazikutimia hata miezi 5, ile ya Ethiopia niliyoitaja ikaanguka kwa sababu ile ile. Jumlisheni 189 na 157: mtapata 346, hesabu ile ile ya Ermenonville. Wapenda ushirikina watasema hesabu hiyo ni alama ya siri. Mimi naona siri moja tu: watu walionywa, wakachelewa kumfunga ng'ombe.

MKUBWA ASIYESIKILIZA

Kuna sababu nyingine, nayo inatuhusu sisi tunaopenda vyeo. Tarehe 27 mwezi wa tatu mwaka 1977, ndege mbili kubwa sana zilikuwa katika kiwanja kimoja cha kisiwa cha Tenerife, ukungu umefunika kila kitu. Ndege ya Uholanzi ilikuwa mwisho wa njia ya kurukia, ile ya Marekani ilikuwa bado inatembea katika njia hiyo hiyo. Rubani mkuu wa Uholanzi alikuwa mtu wa sifa, mwalimu wa marubani. Alianza kukimbiza ndege bila kupewa ruhusa ya kuruka. Fundi wa mashini aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile nyingine imekwisha kutoka njiani. Mkubwa akamjibu kwa nguvu kwamba imetoka. Fundi akanyamaza. Baada ya nukta chache watu 583 walikuwa wamekufa au wanakufa. Hakuna ajali ya ndege iliyogonga ndege iliyoua watu wengi kama ile.

Tangu hapo marubani wa dunia nzima wanafundishwa kwamba mdogo akiona hatari ni wajibu wake kusema, na mkubwa ni wajibu wake kusikiliza. Nasi je? Katika ofisi zetu, katika vyama vyetu, hata katika halmashauri za parokia, ni wangapi wanaoona kosa la mkubwa na kunyamaza, kisha wanauita woga wao heshima? Heshima ya kweli ni kumwambia baba kwamba nyumba inawaka moto.

KWETU KONGO

Sasa turudi nyumbani, maana ni rahisi kuwahukumu Wazungu na kuacha uwanja wetu bila kufagia.

Tarehe 8 mwezi wa kwanza mwaka 1996, ndege ya mizigo ya aina ya Antonov ilijaribu kuruka toka kiwanja cha N'Dolo, katikati ya mji wa Kinshasa. Ilikuwa imepakiwa kupita nguvu zake. Haikuweza kupanda. Ilipita mwisho wa njia, ikaingia katika soko la Simbazikita, lililojaa mama na watoto. Watu zaidi ya 200 walikufa, nao hawakuwa abiria. Walikuwa wakiuza na kununua. Marubani wawili walihukumiwa. Barazani walikiri kwamba karatasi zao za ruhusa zilikuwa za kuazima.

Tarehe 15 mwezi wa nne mwaka 2008, ndege ya abiria ilishindwa kuruka toka kiwanja cha Goma, ikaingia katika nyumba na maduka ya Birere. Watu 40 hivi walikufa, na wengi wao walikuwa wenyeji wa mtaa ule. Ndugu zetu wa Goma wanakumbuka kwamba mwaka 2002 moto wa mlima Nyiragongo ulimimina mawe yake juu ya njia ya kurukia na kuifupisha. Mlima haukuficha kazi yake. Miaka 6 ilikuwa imepita, na mawe yalikuwa bado yamelala pale, kila mtu akiyaona. Mwaka 2019, mwezi wa 11, ndege ndogo iliyokuwa ikienda Beni ilianguka tena juu ya nyumba za Goma, na watu zaidi ya 20 wakafa.

Na mwaka 2010, mwezi wa 8, ndege ndogo ilianguka Bandundu ikikaribia kutua. Kati ya watu 21 alipona mmoja tu. Huyo alisimulia kwamba abiria mmoja alikuwa amemficha mamba hai ndani ya mfuko. Mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele wote pamoja, na ndege ikapoteza usawa wake. Watu wengi walicheka waliposikia habari hii. Mimi siwezi kucheka. Kama masimulizi yake ni ya kweli, watu 20 walikufa kwa sababu mfuko haukufunguliwa. Sijui kama matabishi yalipita mkononi. Lakini ninyi wasafiri mnajua jinsi mifuko isivyofunguliwa katika viwanja vyetu.

Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kuyakataza makampuni ya ndege ya nchi yetu kuruka katika anga lake. Wako wanaosema kwamba hiyo ni chuki ya Wazungu. Labda wamo wenye chuki. Lakini Simbazikita haikuwa Ulaya, na waliokufa Birere hawakuwa Wazungu. Kabla ya kukasirika kwa ajili ya jina letu, tukasirike kwa ajili ya wafu wetu.

KUMJARIBU MUNGU

Najua nitajibiwa hivi: «Katekista, wewe unawaondolea watu imani. Je, Mungu hatawali vitu vyote?» Anatawala. Hata unywele mmoja hauanguki asiojua. Lakini Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba Mungu huutawala ulimwengu kwa kuvipa viumbe nguvu ya kutenda kweli. Moto unaunguza, dawa inaponya, mtu anachagua. Aliyekupa akili ya kupima mzigo hatashuka kuupima badala yako. Ukiacha kuupima, kosa ni lako, si lake.

Wengine watasema: «Sisi tunasali kabla ya safari, inatosha.» Kusali ni vema. Mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 alimweka Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wasafiri wa angani, nasi tumwombe. Lakini baraka haiondoi mzani. Kumbukeni shetani alipomweka Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu. Alimshauri ajitupe chini, akatumia hata maneno ya Zaburi juu ya malaika. Bwana akamjibu kwamba haifai kumjaribu Mungu. Basi mwenye kupakia tani kupita kiasi na kusema «Mungu atatusaidia» amejifunza sala yake kwa mwalimu yule wa kinara cha hekalu. Na wahubiri wanaouza mafuta ya kujipaka ili ndege isianguke wanauza usingizi tu.

Tena nitajibiwa: «Sababu nyingine hazijulikani.» Ni kweli. Tarehe 18 mwezi wa 9 mwaka 1961, Bwana Dag Hammarskjöld, mkubwa wa Umoja wa Mataifa, alikuwa akija kuzungumza na Bwana Tshombe ili vita vya Katanga vikome. Ndege yake ilianguka karibu na Ndola, na watu wote 16 waliokuwamo wakapoteza maisha. Hata sasa watu wanabishana kama lilikuwa kosa la rubani au shambulio. Lakini zaidi ya miaka 60 imepita, na Umoja wa Mataifa bado umeendelea kuuliza. Kusema «hatujui bado, tunatafuta» ni neno la mtu mkweli. Kusema «ni mlozi» ni neno la mtu aliyechoka kutafuta. Na sisi tumeuliza mara ngapi matokeo ya uchunguzi wa ndege zilizoanguka kwetu? Tulilia, tukazika, tukanyamaza.

AMRI YA TANO

Amri ya tano haisemi tu juu ya panga na bunduki. Kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, kinamwagiza mwenye kujenga nyumba azungushe ukingo juu ya dari lake, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Basi aliyeacha ukingo ana hatia, hata kama hakumsukuma mtu.

Kwa hiyo wewe unayepima mizigo, kuandika kilo pungufu ni dhambi ya kupeleka kwa padri, tena si dhambi ndogo. Wewe fundi, usitie sahihi kazi usiyoifanya. Wewe mwenye kampuni, faida ya safari moja hailipi maiti moja. Wewe mkubwa wa serikali, soko lililo mwisho wa njia ya ndege liko chini ya mkono wako. Mama anayeuza mihogo pale hakuchagua mahali pazuri, alikosa pengine. Na wewe abiria, najua kwamba huna barabara, wala huna njia nyingine ya kufika. Lakini usifiche petroli wala chupa ya gesi ndani ya nguo, usitoe matabishi ili mfuko wako usifunguliwe, na ukiona watu wamekaa juu ya mizigo, sema kwa sauti. Afadhali kubaki na tiketi mkononi kuliko kuzikwa na haya ya kunyamaza.

Na sisi makatekista, siku ya matanga, tusiwape wafiwa maneno mepesi. Tuwaombee marehemu, tuwafariji wajane kwa matumaini ya ufufuko. Mtu akianza kumnyoshea kidole mzee wa ukoo, tusimame kati yao, tumkinge. Kisha, machozi yakikauka, tuwasindikize wafiwa hadi mlango wa wenye mamlaka, tuulize pamoja nao: nani alipima, nani alitazama, nani alitia sahihi?